Kengele za Ng'ombe wa Raimal

Kaka yangu Siddik,

Huku Kutch hatujambo. Mtama umekomaa, na jirani bado anatuibia kuni.

Baba anakusalimu, ila ukipiga simu atakujibu mambo usiyomwuliza. Masikio yake yamekufa tangu baridi ianze. Alinikataza nisikwambie.

Bado anakunja chuma chakavu na kukipaka shaba kama zamani, lakini mwezi mzima huu mimi ndiye ninayezigonga kengele ukingoni mpaka kila moja itoe sauti yake. Jana Raimal mchungaji alikuja kuchukua thelathini za ng'ombe wake. Akazitikisa moja moja, macho kayafumba.

"Mzee, mkono wako haujazeeka!"

"Anausifu mkono wako!" nikampigia Baba kelele sikioni.

Baba akacheka. "Mimi sisikii hata radi. Huo ni mkono wa Hurbai."

Raimal akanitazama toka miguuni hadi kwenye ushungi. "Mwanamke?"

"Kama hazilii vizuri, zirudishe," nikamjibu.

Hakurudisha hata moja. Ameagiza nyingine ishirini, na wakati wa kuondoka akaniaga mbele ya wanaume wote wa karakana: "Haya, fundi."

Dada yako akupendaye,
Fundi Hurbai