Mahali pa Simone Mkekani

Kikula, Likasi
Tarehe 14 Juni 2024

Mpendwa shemeji yangu Carmen,

Nakusalimu kwa heshima na upendo mwingi, nikitumaini kuwa barua hii inakukuta mzima huko Kamina, na kwamba goti lililokuzuia kusafiri limepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya asubuhi hainionei huruma. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka; sababu ninayo, na ni ya aibu kidogo.

Wakumbuka matanga ya dada yako Bibiane, mke wangu, mwaka jana. Sisi jamaa tuliketi mkekani, tukapewa pole. Simone, rafiki yake wa kwaya, aliyemwosha na kumlisha uji miezi saba hadi pumzi ya mwisho, nilimtuma jikoni, nikidhani namheshimu kwa kumkabidhi chakula cha wageni. Watu walimwomba chumvi; pole hakuna aliyempa. Baadaye akaacha kwaya, nami sikuelewa hadi Pasaka hii, nilipoona nafasi yake tupu kwenye kwaya, nikaona aibu hata kukuandikia.

Jumamosi iliyopita tuliondoa matanga. Kabla ya chakula, sombe ya majani ya muhogo ikiwa bado motoni, nilimwita Simone mbele ya wote, aketi kando yangu mkekani.

« Papa Germain, miye niko mupishi tu. Sombe itaungua! »

« Iungue! » akadakia jirani yetu, Mama Viviane. « Leo weye ni mufiwa. Ikala chini! »

Akaketi. Watu wakaja kumpa pole, mmoja mmoja, naye akalia kilio kilichomngoja mwaka mzima. Kisha akacheka, akisimulia jinsi Bibiane alivyomkemea hata kutoka kitandani kwa kuharibu sauti ya pili. Tukacheka sote, tukaimba, tukala sombe iliyoungua kweli. Kesho yake akarudi kwaya, sauti ya pili ikaharibika kama zamani. Furaha iliyoje!

Sasa kosa langu jingine. Mavazi ya marehemu ni ya ukoo wenu kugawa. Hata hivyo, siku ile nilimvika Simone kikwembe cha bluu cha sikukuu, ambacho Bibiane alikuahidi wewe. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Ukisema kirudi, kitarudi, wala sitanung'unika.

Nisalimie mumeo Mathieu na binti yenu Laure. Mungu akae nyumbani mwenu kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Barua hii anaileta Simone mwenyewe, ajaye kwa treni kumwona mpwa wake. Kikwembe amekivaa, hajui kwamba kilikuwa chako. Kama bado amesimama mlangoni ukisoma haya, nakuomba, tandika mkeka.

Shemeji yako akupendaye daima,
Germain