Kabla Njia Haijafunga

Bugene, Karagwe

Kwa Mama Mukakalisa, Nkwenda

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima, na kwamba goti lile limekupa nafasi ya kupalilia maharage. Mdogo wangu Placidia anaendeleaje na shule? Sisi huku tupo. Kahawa imeshika vizuri, mvua inakuja inavyotaka. Mimi siumwi, ila situlii. Tangu asubuhi nimeianza barua hii, nikainuka kufagia, nikarudi, nikainuka tena kumhamisha mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote. Edgar anasema nimefagia uwanja mpaka kuku wamekosa pa kuchakura, na sasa wananishitaki kwake yeye mwenye nyumba.

Ndizi ulizotuma kwa gari la Nkwenda zilifika, asante. Lakini Mama, tangu tumzike mtoto wetu hujakanyaga hapa. Unatuma ndizi, unatuma salamu kwa kila anayepita, wewe mwenyewe huji. Jirani yetu Kemigisha aliniuliza kama tumegombana, nikamwambia hapana. Najua kinachokuzuia, maana siku ile ya mazishi nilikusikia ukimwambia shangazi, "Ni mimi niliyemficha gizani."

Maneno hayo hayajanitoka. Hospitali walituruhusu mtoto akiwa analia vizuri, ananyonya, rangi yake nzuri. Ukatupokea kama bibi alivyokupokea wewe ulipotuzaa: chumba cha ndani, pazia limeshushwa, mzazi na mtoto wasione jua mpaka siku ya nane, ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Nakumbuka ulivyopasha mafuta ya ng'ombe viganjani kabla ya kumpaka. Nakumbuka jasho lilivyomtoka kwenye paji akinyonya, akipumzika, akinyonya tena, nawe ukasema huyu ananyonya kama mtu anayelima kibarua. Tulicheka. Alipoanza kukataa ziwa tukasema amechoka. Edgar ndiye aliyemsogeza mlangoni amtazame, na kwenye mwanga midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Bodaboda ilitukimbiza hospitali, lakini tulipofika alikuwa anahema kwa mbali. Yaliyofuata unayajua.

Sasa nikueleze nilichoelezwa. Muuguzi mmoja wa kliniki kule Nyakahanga, anaitwa Mackrine, alisikiliza habari hii yote bila kunikatiza, kisha akamwita daktari, na daktari akatuandikia kwenda Mwanza. Nilikuwa kliniki kwa sababu gani, nitakwambia mbele kidogo. Zile siku ulizosikia tumekwenda kwa shemeji Biharamulo, tulikuwa Mwanza.

Daktari wa moyo wa kule ni mama mpole, haongei haraka. Alisema mtoto akiwa tumboni hahemi. Hewa anaipata kwenye damu ya mama kupitia kondo, na mapafu yake yamelala. Kwa hiyo damu yake haina haja ya kupita kwa wingi mapafuni, inapita pembeni kwenye kimshipa kidogo. Akizaliwa na kulia, mapafu yanafunguka, damu inaanza kwenda huko kuchukua hewa, na kile kimshipa, kwa kuwa hakina kazi tena, kinajifunga chenyewe siku za mwanzoni. Ndivyo ilivyokuwa kwako, kwangu, kwa kila mtu.

Edgar akasema hiyo ni sawa na njia ya mkato katika shamba la jirani. Barabara ikishafunguliwa, jirani anapanda migomba juu ya ile njia. Daktari akacheka, akasema ndiyo, ila kuna watoto ambao barabara yenyewe iliumbwa ikiwa imeziba. Hao wanaishi kwa ile njia ya shambani tu. Siku mbili tatu wanaonekana wazima kabisa, hata wauguzi hawawezi kujua kwa macho. Njia ikifunga, damu haina pa kwenda. Kwa jinsi tulivyomsimulia, anaamini mtoto wetu alikuwa mmoja wao, na kwamba moyo uliumbika hivyo mimba ikiwa changa, kabla hata sijajua kwamba ninayo.

Nilimuuliza wazi kama pazia lingekuwa juu ingekuwaje. Hakunibembeleza. Alisema huenda tungeiona ile rangi mapema, lakini kuona si kutibu. Kuna dawa ya kuizuia njia isifunge, nayo haikuwa karibu nasi. Nimekuletea jibu lote kama alivyolisema, Mama, usije ukafikiri nimekuchagulia la kukutuliza.

Nimeinuka tena, nimerudi. Niseme tu. Nina mimba, imeingia mwezi wa nane. Niliificha kwa kuwa sikutaka uanze kuhesabu nami. Na kipimo cha Mwanza kimeonyesha kwamba moyo wa huyu una kasoro ileile. Daktari anasema katika baadhi ya familia hutokea hivyo, na si dhambi ya mtu. Safari hii nitazalia kule. Akitoka tu atatundikiwa hiyo dawa, kisha apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa. Hakuniahidi kitu. Huyu anacheza sana, hata sasa ninapoandika, nami nikihisi anacheza nalia, na akitulia naogopa.

Edgar atabaki na kahawa mpaka nijifungue. Mimi naondoka Jumatatu ijayo, nataka niondoke na wewe.

Siku ya nane, Mama, itatukuta wodini. Hatakuwepo mtoto wa jirani wa kula chakula cha kumtoa mtoto nje na kumpendekezea jina. Yule wa kwanza hakuifikia siku hiyo, tukamzika akiwa hana jina, na kwenye karatasi aliandikwa mtoto wa Uwimbabazi. Edgar na mimi tumekubaliana huyu hatasubiri. Atapewa jina akilia mara ya kwanza, kabla hawajamchukua mikononi mwangu, na wa kumpa ni wewe. Najua ni kinyume cha desturi. Usiniandikie hilo jina wala usimtume mtu nalo. Njoo ulitamke mwenyewe pale, alisikie akiwa hai.

Edgar anakuamkia. Msalimie Placidia, mwambie aangalie nyumba. Mungu akulinde njiani.

Binti yako akupendaye,

Uwimbabazi