Alisema Ni Nguo Tu

Jumatatu, 26 Novemba 1973
Saa nne na dakika ishirini asubuhi simu ya stesheni ya zimamoto ililia, nikashika. Mwanamume. Stoo inawaka, nyuma ya River Road. Nikauliza tunavyofunzwa kuuliza: ndani kuna nini? Nguo, mama. Nguo na karatasi. Nikauliza tena. Nguo tu! Akakata.

Nikaandika: nguo na karatasi. Mume wangu, Shem, alikuwa kwenye gari la kwanza. Alinipungia mkono wakitoka. Sikumpungia, nilikuwa naandika.

Walipopiga maji, moto ulipaa mweupe kama jua. Zilikuwa fataki! Maboksi kwa maboksi, na madebe ya unga wa magnesiamu. Unga ule ukiwaka ukapata maji, unalipuka. Kila mzimamoto anajua: mchanga mkavu, au ukae mbali uuache uishe wenyewe. Lakini nani amwagie nguo mchanga?

Mikono ya Shem. Na macho. Macho!

Jumanne, 27 Novemba
Wodini. Shem amefungwa bandeji kutoka kipajini hadi puani. Daktari hasemi kitu — wiki mbili, halafu tutaona. Shem ameniuliza kama nimekula. Nikatoka nje nikalia nimeegemea ukuta.

Mwenye stoo anaitwa Jamleck Waweru. Ana nyumba kubwa Uthiru. Nataka kumjua uso.

Ijumaa, 30 Novemba
Nimemjua uso. Aliitwa stesheni kuhojiwa na Bwana Haron, ofisa wetu. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Akasema ndiyo, alipiga simu mwenyewe, na alitamka wazi: fataki.

"Huyu msichana wenu alisikia vibaya."

Msichana! Nina miaka thelathini na minne. Na sauti ni ile ile, ningeijua hata nikiwa kaburini. Bwana Haron akatazama kitabu changu, akanitazama mimi. Neno lake dhidi ya langu. Nimetolewa kwenye simu mpaka ripoti itoke. Napanga mafaili.

Wenzake Shem wananipita bila salamu. Wanadhani ni mimi niliyempofusha.

Mungu, usimsamehe yule mtu. Na mimi nisaidie nisimsamehe.

Jumatano, 5 Desemba
Mwanamke mmoja, Syokau, amekuja hadi kwangu Woodley. Alikuwa akipaki fataki kwa Jamleck, amefutwa. Hakutaka chai, alikuwa na haraka. Anasema Jamleck hakuwa na kibali cha kuweka vitu hivyo mjini. Alitumaini maji yatazima kabla mtu hajaona maboksi.

"Na hajakoma, dada Peres. Ako na madebe mengine mtaa wa Satellite. Chumba cha nyuma, kwa ploti ya wapangaji."

Nilimkumbatia. Nilicheka! Majirani wamenisikia.

Jumamosi, 8 Desemba
Nimeenda Satellite, nikajifanya natafuta chumba. Milango saba, watu wanapika uani. Wa nane una kufuli mbili. Bati lake limetoboka, na mvua hii haijui kukoma. Nikanusa mlangoni — harufu ya kiberiti, kali. Mpangaji mmoja, Mbithe, akanipa nimshike mtoto wake wa wiki tatu.

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Njiani niliwaza: njiti moja tu. Na Jamleck awe amefungiwa humo ndani. Niliwaza hivyo kutoka Satellite mpaka Woodley, na nilisikia raha. Raha kabisa.

Lakini mtoto wa Mbithe. Jioni nikaenda kwa Bwana Haron, nikamwambia yote.

Jumatatu, 10 Desemba
Kibali cha kuvunja kufuli kilitoka leo asubuhi, tukaondoka. Gari moja, wanaume wanne, magunia ya mchanga. Nilichukuliwa nionyeshe mlango. Tumechelewa! Moshi ulikuwa tayari unatoka chini ya bati. Mvua imeufikia unga; ukilowa hupata joto wenyewe mpaka uwake.

Bwana Haron akapaza sauti: mtu asiguse mpira wa maji, mtu asiingie, wapangaji wote watolewe hadi barabarani. Wanaume wakaenda kugonga milango. Mimi nikavikwa koti la zimamoto, nikawekwa kwenye kichochoro cha nyuma.

"Peres, hapa asipite mtu. Hata kuku."

Jamleck akaja mbio kwa kichochoro hicho. Amelowa, viatu vimejaa matope. Alitaka kuyaondoa madebe kabla hayajaonekana. Sijui kama alinitambua.

"Mama, nipishe."

Nilijua. Nilijua kuliko yeye unga ule ungefanya nini. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na mikono miwili.

Nikampisha.

Moto ule mweupe tena. Ukuta ukaanguka upande wa shamba. Wapangaji wote ni wazima, Mbithe na mtoto wazima. Jamleck walimtoa amezungushiwa blanketi.

Bwana Haron akauliza alipitia wapi. Nikasema sikumwona.

Jumatano, 12 Desemba
Miaka kumi ya Uhuru. Mji wote uko nje, ndege zinapita juu ya paa la hospitali. Bwana Haron alikuja na habari: Jamleck amekiri kwa polisi, mpaka lile neno alilosema kwenye simu. Kesho narudi kwenye simu yangu. Wenzake Shem wameleta machungwa, wakanisalimia kwa mikono miwili. Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Ila wodi ya waliochomeka ni moja tu. Kwenye kitanda kinachofuata cha Shem amelazwa Jamleck. Jina liko kwenye karatasi miguuni, na Shem haoni. Wakija kubadilisha bandeji, Jamleck analia. Na Shem — nimekaa hapa hapa, nasikia — anamwambia: pole ndugu yangu, usikaze mwili, vuta pumzi, hesabu nami. Moja. Mbili. Wanahesabu pamoja mpaka muuguzi amalize.

Sasa hivi Shem amegeuza uso upande wangu.

"Nyar Gem," ameniita hivyo kwa lugha ya kwetu, binti wa Gem, "huyu jirani anasema kuna mama alimpisha kwenye kichochoro. Alikuwa na koti letu. Si mlikuwa wote huko? Unamjua?"

Daktari anakuja saa nane kumfungua macho. Ni saa saba unusu. Jamleck anasikiliza. Mkono wa Shem unatafuta wangu juu ya blanketi, na mimi bado naandika