Vimulimuli na Picha ya Mabatini

Mdogo wangu Kabula,

Natumaini hapo Pasiansi mmeamka salama, na mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mpe shikamoo yangu, kisha katafute mahali ukae peke yako usome. Mimi mwili upo. Moyo ndio unaoumwa.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu hukaa kwa bosi, nami hupewa Jumapili tu, naye husoma kila ninachotuma. Barua hii ataipeleka posta muuguzi anayekuja kumpima presha bibi ninayemtunza. Jumapili iliyopita nilisoma ujumbe wako. Umeshampa wakala yule aliyenileta huku pasi yako ya kusafiria, na ofisini kwake Mabatini umeona picha yangu ukutani, nimeegemea gari jeupe, nacheka. Ukasema uliona fahari, hata hukumuuliza maswali. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Huku Marekani sasa ni majira ya joto. Jioni namtoa bibi hadi barazani kwa kiti chake cha magurudumu. Giza likiingia nyasi zinajaa vimulimuli, wengi kuliko wale wa kwetu kwenye matete. Nikamuuliza kwa nini wanawaka. Zamani alikuwa mwalimu wa sayansi, na siku akili ikitulia bado anafundisha. Akasema tumboni mwao mna kemikali ambazo zikikutana na hewa hutoa mwanga usiochoma. Dume huruka akimulika kwa namna ya ukoo wake, na jike aliye chini kwenye nyasi akimtaka humjibu kwa mwanga. Nikacheka, nikasema kumbe hawa nao wanaposa. Bibi hakucheka.

"Yupo jike wa aina nyingine," akasema. "Anaiga majibu ya wenzake. Dume akishuka, anamla."

Nikamkumbuka marehemu Baba na taa zake za kuvulia dagaa. Alikuwa akisema dagaa si wajinga, wamezoea tu kwamba penye mwanga pana chakula. Usiku wa mbalamwezi hakwenda ziwani, maana ziwa zima likiwa na mwanga, taa yake haikumdanganya yeyote.

Sasa sikiliza, Kabula. Gari lile ni la bosi, nililiosha asubuhi ile mwenyewe. Pasi yangu imefungiwa kabatini mwake tangu nilipofika. Nalala sakafuni chumbani kwa bibi, namgeuza kila baada ya saa mbili, na siku ya kupumzika siijui. Wakala aliniambia nikimtumia picha nzuri ataongea na bosi nirudishiwe pasi. Nilijua anaitakia nini. Nikaazima gauni la binti wa bosi, nikacheka, nikatuma. Pasi sijaiona mpaka leo.

Sabina wa jirani aliiona picha hiyo kabla yako. Alinipigia kuuliza kama kazi ni nzuri, nikamwambia aje ajionee. Niliona aibu kusema ukweli, na, Mungu anisamehe, nilitamani mtu wa kuongea naye Kiswahili. Alipofika walimpeleka nyumba nyingine, mji siujui. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa swali moja: "Dada Leti, ulijua?" Sikumjibu. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha vya kutosha. Rudi Mabatini ukadai pasi yako. Usiende peke yako, nenda na mjomba, na wakala akigoma mwende polisi siku hiyo hiyo.

Msalimie shangazi wa Sengerema na wanawe. Mama msomee wewe, polepole, akiwa ameshakula. Na Mama Sabina, najua huja kila jioni kuuliza kama nina habari za mwanawe. Usimpe salamu zangu. Mpe barua hii.

Dada yako,
Leticia