Maji Mdomoni, Jumamosi Saa Tisa

Kondo, mtani wangu,

Nilikudhulumu. Nalisema kabla hata ya salamu, maana najijua, nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Ile siku tuliyomweka shangazi yangu mbele ya michoro yetu, yako ikashindwa, yangu ikashinda, kwa kweli yako haikushindwa. Nilikuwa nimemfundisha shangazi kwake Kwihara, jana yake, mchana kutwa. Wewe umekwenda kaburini unajua ulishindwa. Mimi nimebaki huku najua hukushindwa.

Haya. Limeshatoka. Sasa salamu ya kwetu: mwangaluka, Mzaramo.

Nakusikia kabisa ukinijibu, "Marahaba, mpagazi wangu, mzigo umefika?" Na shikamoo yenyewe sijakupa! Miaka yote ile hukuwahi kuniita Maganga. Ulisema babu zangu Wanyamwezi waliwabebea watu mizigo kwa miguu mpaka pwani, kwa hiyo na mimi nibebe mabenchi ya kijiwe. Nikabeba kila Jumamosi. Na mimi nikakwambia babu zako huko pwani walikuwa wanapiga ngoma tu wakisubiri mizigo ifike, ndiyo maana mpaka leo Mzaramo akiona mtu anafanya kazi anatafuta kivuli.

Kijiwe kipo, bwana. Kimejaa! Kile chumba cha juu ya duka la madaftari, jirani na stesheni, ambacho tulianza watu sita na benchi likabaki tupu, sasa wengine wanakaa kwenye ngazi. Watu wanatoka Nzega, wanatoka Igunga, wanapanda basi alfajiri waje waoneshane skrini za simu walizochora. Anayeongoza ni Neema, yule dada wa Lusu aliyekuwa anakaa nyuma kabisa hasemi neno. Siku hizi anasema! Vijana wakija na kompyuta zao za mapajani anawaambia, "Funga hiyo, chukua penseli." Michoro bado tunaianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kama ulivyotufundisha, na mtu akipita chini bado anauliza kama huku juu kuna dobi. Hii kazi yetu ya kuchora sura za programu za simu, wenyewe wameipa jina la Kizungu ambalo mimi nikilitamka najiuma ulimi. Wewe uliita kumrahisishia mtu. Nimebaki na hilo.

Na maji bado yapo. Kila mgeni akija lazima aelezwe, na kila mgeni anadhani tunamtania. Kwamba mchoro wako ukijaribiwa, wewe mwenye mchoro unajaza maji mdomoni, humezi, hutemi, mpaka anayejaribu amalize. Neema anawaambia kwa maneno yako yaleyale: mwenye kazi hawezi kumwona mtu amekwama asiseme "bonyeza hapo", na simu ikishafika kijijini wewe hutakuwepo pembeni kumnong'oneza.

Unakumbuka mchoro wangu wa kwanza? Nilikuwa bado nanuka rangi. Mimi mchora vibao, vichwa vya vinyozi na kuku wa chipsi, elimu yangu kidato cha nne cha kuponea chupuchupu. Wewe ulinikuta Isevya juu ya ngazi, ukatazama kibao changu ukauliza, "Hicho kichwa kinanyolewa au kinachinjwa?" Nikataka kukumwagia rangi. Kumbe ndiyo tulikuwa tunaanza shule. Basi kwenye mchoro wangu wa kwanza nikaweka kitufe cha kuingilia chenye sura ya mlango, nikakipaka vizuri na bawaba zake. Tukamwita yule fundi cherehani wa chini ajaribu. Akautazama mlango. Akaugonga kwa kidole kilichokunjwa, akasema, "Hodi!" Akasubiri. Mzee wa watu akagonga tena, "Hodi wenyewe!" Maji yote yakanitoka, yakaishia kwenye shati lako jeupe. Ukajifuta kidevu ukatangaza, "Mpagazi kamwaga mzigo." Mpaka leo kijiweni mtu akicheka maji yakamtoka, wanasema kamwaga mzigo. Nusu yao hawajui maneno hayo ni ya nani. Mimi huwaambia.

Sasa nirudi kwenye lile jambo, nisije nikaponyoka kwenye kicheko kama nilivyozoea.

Chama cha wafuga nyuki kilitaka programu ya simu. Kitu kidogo tu: mwanachama aseme mizinga yake mingapi iko tayari na iko wapi, ili gari la kukusanya asali lisizunguke bure. Wewe ukachora yako, mimi yangu, na tukakubaliana mbele ya wote kwamba mfuga nyuki atakayekuja ajaribu zote mbili bila msaada, atakayoiweza ndiyo ipelekwe. Yako ilikuwa picha tupu. Miti, mizinga inaning'inia, mtu anagusa mzinga wake kisha anasema kwa mdomo. Yangu ilikuwa na visanduku vya kijani, chagua kata, chagua kundi, endelea, rudi, thibitisha. Nilipoanika nikatazama yako, nikajua. Mchora vibao anajua kibao kipi kinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Lakini Kondo, mimi sikuwahi kuwa na kitu ambacho watu wanakitumia wakasema hiki kachora Maganga. Kibao kinapauka kwa jua, mwenye duka anamwita mwingine anapaka juu yake. Nikasema safari hii moja tu.

Mkaniambia nilete mfuga nyuki ninayemjua. Nikasema shangazi Nyamizi, ana mizinga ya marehemu mumewe. Ijumaa nikaenda Kwihara, eti kumsalimia. "Shangazi, kijani mara mbili, halafu chini, halafu kulia." Akarudia. Akakosea. Akarudia tena huku anapeta mchele, mpaka ikawa kama anasali rozari. Yeye hakujua kama ni kosa, alidhani mtoto wa kaka yake anampenda.

Kesho yake nikajaza maji mdomoni mbele yenu, mashavu yametuna, sura ya mtakatifu. Maji mdomoni, na maneno nilishayatoa jana. Shangazi akapita bila kukosea hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Ikaja zamu yako. Akaishika karatasi yako, akatabasamu, akaanza kuhesabu mizinga kwa kidole. Halafu akaniangalia mimi. Akaniona nimenuna. Akadhani anaharibu, akaiweka chini, akasema hii haiwezi.

Wewe ulibaki na maji yako ukimtazama. Ukameza. Ukasema, "Mpagazi, nimezeeka. Watu siwaoni tena."

Hukuanika mchoro tena mpaka ulipofariki. Ulikuwa unakuja unapanga vibanio, unawasifia wengine, unakaa. Na pale mtaani Ng'ambo kila baraza ulilopita ukawa unasema, "Mpagazi wangu kafika pwani!" Ungenikasirikia ningepona. Wewe ukafurahi.

Ulipougua nilileta uji hospitali, nikayapanga maungamo yangu yote njiani. Nimefika, ukaniuliza kama uji nimeupika mimi au nimeupaka rangi. Nikacheka, nikaondoka na maungamo yangu. Wiki haikuisha ukafa.

Msibani ndugu zako walikuja kutoka pwani, wakawa wananisubiri. Mtani ndiye wa kuvaa kofia ya marehemu, atembee mwendo wake, awachekeshe wafiwa waweze kula. Mkeo, Mama Pili, akanitolea kofia yako kabisa. Mimi nikasimama pale nalia. Mama Pili akaniambia, "Maganga, mtani gani analia kuliko mwenye mume?" Sikuweza. Ningevaaje kofia ya mtu niliyemnyang'anya?

Ile programu yangu ikaenda kwa wanachama. Ilikuwa vituko. Watu wa Ziba wakabonyeza kijani, wakajikuta Lusu. Gari likaenda Lusu, asali iko Ziba. Mzee mmoja alithibitisha mizinga yake mpaka ikawa mingi kuliko miti ya wilaya. Mwishowe wote wakarudi kumpigia simu mwenyekiti. Neema akaniuliza, taratibu tu, "Kaka Maganga, hivi shangazi yako aliwezaje?" Nikamjibu ni mwerevu. Uongo wa pili huo, uandike.

Sasa sikia hili. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kwihara, shangazi alikuwa anaumwa mguu. Naingia sebuleni, ukutani chini ya rozari kuna karatasi. Karatasi yako! Ile ya miti na mizinga, imekunjika, ina alama ya kibanio pembeni. Na kila mzinga umewekewa alama ya mkaa: huu umejaa, huu bado, huu siafu wameingia. Nikamuuliza kaitoa wapi. Akajiziba uso na khanga, anacheka kama msichana. "Niliiiba siku ile. Niliona aibu kuomba." Akasema, "Hii ndiyo naielewa. Ile ya kwako niliikariri tu." Jirani zake wawili wamekuja kuinakili, sasa nao wanayo kwenye kuta zao. Kondo, skrini yako inafanya kazi bila chaji, bila vocha, bila simu! Nilikaa kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli.

Nikamwambia shangazi yote. Akaanza kucheka, "Kumbe ulinifanya kasuku, mtoto wa kaka yangu!" Halafu akaacha. Akauliza, "Mwenzio alikufa anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Kamwambie." Nikamwambia, shangazi, amekufa. Akasema, "Nimesikia. Kamwambie."

Ndiyo nimekaa hapa, na peni ya dukani, nakwambia. Na nikwambie ukweli mwingine: tangu siku ile nimekuwa mwepesi. Napanda zile ngazi za kijiwe napiga mluzi. Neema ananiuliza nimepata mchumba?

Kwa hiyo ni hivi. Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, kabla chama hakijaanza kurina asali. Nimemwomba Mama Pili aje na bahasha ya michoro yako, na aje na kofia. Hajui kwa nini, ameniambia tu nisije nikalia tena. Wenye chama watakuwepo. Nitasimama mdomo mkavu, niwaambie nilichofanya, mbele ya mkeo, mbele ya Neema, na shangazi akiwa amekaa pale mbele na mguu wake. Watakachoamua juu yangu, nimekubali. Kisha naishusha kazi yangu kwenye kamba kwa mikono yangu, naanika yako, karatasi zote, pamoja na ile ya ukutani kwa shangazi. Ataijaribu mama mmoja mfuga nyuki kutoka Ziba. Neema ndiye aliyemtafuta. Mimi sijawahi kumwona, na jina lake nimekataa kuambiwa.

Wakati anajaribu, mwenye mchoro lazima asimame na maji. Na mwenye mchoro hayupo. Nani amsimamie Mzaramo kama si mtani wake? Nitavaa kofia yako. Nitapita katikati ya mabenchi kwa ule mwendo wako wa bata aliyeshiba, nilipe kimoja kimoja vicheko wanavyonidai ndugu zako tangu msibani. Nitachukua kile kikombe chako cha plastiki cha kijani, nijaze mashavu, nikae kimya kwa niaba yako, kimya cha kweli safari hii.

Na yule mama akigusa mzinga wa kwanza bila kumwangalia mtu, siahidi kwamba nitayazuia maji. Ukihisi umelowa shati huko uliko, ujue nimemwaga.

Pumzika, Bwana Ngoma. Mzigo wako unafika Jumamosi.

Mpagazi wako,
Maganga