Umeme Ulipokatika, Arlen Akaendelea

Mtaa wa Alder,
Hoquiam, Washington.
17 Novemba 1996

Mpendwa Mjomba Oskar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Ketchikan ukiwa mzima, goti limepoa, na paa la nyumba yako halijaenda kwa jirani baada ya zile dhoruba zilizotangazwa redioni. Je, unakula? Sisemi samaki wa kopo unayemla umesimama dirishani. Nasema chakula.

Sisi hatujambo. Mvua ni ile ile. Kiwanda cha mbao kimefuta zamu nyingine, lakini Roland wangu bado anaendesha lori la magogo, tunamshukuru Mungu. Juzi Mama alikwenda ufukweni kuchimba kome na magoti yake yale ya ukoo wenu, akarudi na ndoo nzima, kisha akatugombeza sote kwa kutokwenda naye.

Ungekuwa mtu mwingine ningekupigia simu. Lakini wewe na simu mliachana tangu misumeno ya injini ilipokumaliza masikio, na safari hii nashukuru, maana jambo hili nisingeweza kulitamka. Niwie radhi kwa mwandiko.

Ni habari za mdogo wangu Arlen. Unaijua bendi yao, Gunnar, waliyoipa jina la mbwa wako, na mpaka leo sijajua kama walikuenzi au walikutukana. Ijumaa walipiga Seattle, kwenye ukumbi wa hoki. Miaka minne nyuma vijana walilala nje kwenye mvua ili wapate tiketi. Safari hii viti vya juu vilikuwa vitupu, na wengi waliokuja wana vitambi chini ya mashati yao ya drafti. Granji, muziki wao huo wa magitaa yenye kelele, nayo inazeeka. Arlen alinitumia tiketi ya mbele, nikaenda nimeziba masikio kwa pamba, kwa kuwa muziki ule mimi huupenda zaidi nikiwa nje.

Alipanda jukwaani nywele zimemfunika uso, hakusalimia mtu. Hilo halikunishangaza. Kwao kuwasalimia mashabiki ni kujipendekeza, na anayejipendekeza huzomewa. Karibu onyesho lote alitupa mgongo, kisigino amekibandika kwenye jukwaa dogo la ngoma za rafiki yake Dewey. Nikasema moyoni, haya, ndiyo madaha yenyewe.

Katikati ya wimbo mmoja umeme wa jukwaani ukakatika. Taa za ukumbi zilibaki, lakini spika zilikufa zote. Mpiga gitaa la besi akalivua gitaa lake, akainua mikono. Arlen akaendelea. Anapiga, anaimbia maiki iliyokufa, mishipa ya shingo imemtoka, na hakuna kinachosikika ila ngoma za Dewey, ambaye naye hakuacha kupiga.

Mjomba, ukumbi ulilipuka kwa shangwe! Kijana mmoja mwenye pete puani alinipiga bega, machozi ya furaha yanamtoka. “Mama, unamwona mtu huyo? Hajali! Umeme umekatika, yeye hakatiki!” Wote waliamini anafanya kusudi. Watu wale hawampendi mtu kama wanavyompenda asiyejali, basi walipiga miguu mpaka sakafu ikatikisika.

Mimi nilikauka. Nimekulia meza moja nawe; namjua mtu asiyesikia hata akinipa mgongo. Nilimtazama Dewey, nikamwona amemkazia macho Arlen kama mtu aliyeshika kamba ya mwenzake aliye juu ya mti, na hapo nikaelewa kile kisigino kilikuwa kinatafuta nini. Ngoma zile alikuwa akizisikia kwa mguu. Umeme uliporudi, Arlen hakujua kwamba ulikuwa umeondoka.

Sikumbuki nilivyofika nyuma ya jukwaa. Nilimkuta amekaa anafuta jasho, watu wamemzunguka wanampongeza, naye anatabasamu bila kujua anapongezwa kwa lipi. Nilisimama upande wake wa kulia nikamwita jina lake la utotoni, mara moja, mara ya pili kwa nguvu. Hata kope haikucheza. Nikawafukuza wote, akabaki Dewey.

“Wewe husikii,” nilimwambia, nikiwa mbele yake sasa.

“Dada, usinianze. Nasikia ninachotaka.”

“Umeme ulikatika, Arlen. Umeimba bila sauti.”

Alimgeukia Dewey. Dewey akaangalia viatu vyake. Uso wa mdogo wangu ulivyobadilika pale sitausahau, na laiti ningekuwa nimeumeza ulimi wangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikio la kulia limekwisha tangu majira ya kuchipua. La kushoto limebaki kidogo, na daktari amemwambia aache sasa ili alinusuru. Baada ya Mwaka Mpya wanakwenda Japani na Australia, na huko hatarudi nalo. Nilimsihi, nikalia, nikamtukana. Sikio la kufa halisikii dawa, na samahani, Mjomba, sifanyi mzaha.

Jana gazeti liliandika kwamba dakika zile ndizo za kishujaa kuliko zote katika maisha ya bendi. Nililisoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni. Mama akaniuliza mbona nimepauka, nikamwambia nina mafua. Yeye hajui, na tafadhali asijue kwa barua.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Nilimuuliza Arlen anaogopa nini kiasi cha kukitupa hicho kidogo alichobakiwa nacho. Akanijibu taratibu, kwa sauti isiyo na kipimo, kama yako. “Nikilinde ili nini? Nikae mezani kama Mjomba Oskar, watu wakicheka, mimi nasubiri nione meno yao ndipo na mimi nicheke? Yule mzee alikuwa peke yake mbele yetu sote, Marit. Bora nikiache jukwaani.”

Nisamehe kwa kukuandikia maneno hayo. Nimeyageuza siku mbili nikitafuta namna ya kuyalainisha, nimeshindwa. Nami sijui kama ni kweli. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuuliza.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile sweta imekutosha. Roland naye anakusalimu, anasema misumeno ya siku hizi haina adabu. Nisalimie Bibi Hjordis, jirani yako, umshukuru kwa kukuangalia. Mungu akulinde na barafu ya ngazini na akufikishe salama kila uendako.

Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani Arlen atakuja kula nyumbani. Panda meli, Mjomba, nauli nitajua mimi. Wewe ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia kwamba si kweli, kwamba pale mezani hukuwa peke yako. Na kama ni kweli, njoo hivyo hivyo.

Mpwa wako anayekupenda,
Marit