Sarma za Snežana

Weee Jovana, mbavu sina!

Snežana aliunguza sarma za sikukuu ya ukoo. Kabichi na nyama yake, vyote mkaa. Akaagiza nyingine kwa jirani yake Ruža, kimyakimya.

Mama mkwe wake, Milunka, akaonja mbele ya wageni. "Leo ndiyo umepika! Hizi ni kama zangu kabisa."

Kama zake, Jovana. Kama zake!

Mara hodi. Ruža huyo mlangoni: "Snežana, nimefuata sufuria yangu."

Snežana akatamani ardhi immeze.

Ruža akamwona Milunka. "Kumbe upo, Bi Milunka! Na ile ya sarma za mwaka jana utairudisha lini?"

Milunka akameza tonge zima. "Snežana mwanangu, mpe mgeni kiti."

Mwanangu! Miaka yote alikuwa akimwita "yule".